Fundi wa Chumba cha Giza na Chupa Iliyobaki

Nilipoanza kazi katika maabara ya chuo, kitu cha kwanza nilichokiona kwa Fundi ni vipande vya utepe mweusi vilivyobandikwa kwenye mikono ya koti lake, kama vyeo vya jeshi lisilojulikana. Alikuwa akiziba taa kwa utepe huo. Hata kile kinukta cha kijani kwenye friji alikiziba, akakikagua, akakiziba tena.

Kwa miaka kumi na minane mama huyu amechunguza protini ya jicho, ile inayopokea mwanga ili tuone. Huipiga kwa leza mara mbili: mpigo wa kwanza kuiamsha, wa pili kuichungulia ikigeuka umbo. Yote hayo huisha kabla hujawazia kupepesa. Protini ikimulikwa kabla ya wakati wake, haifai tena. Ndiyo maana chumbani mwake ni giza totoro, isipokuwa taa moja nyekundu hafifu ambayo protini haiijali.

Mwenye macho haambiwi tazama, na Profesa wetu, bingwa wa mwanga mwenye vyeti ukuta mzima, hutazama hata akiambiwa asitazame. Wiki iliyopita aliingia na tochi ya simu.

"Mbona mnakaa gizani kama wezi?" aliuliza, akimulika chupa mbili mezani. "Hizi ndizo zenyewe?"

"Zilikuwa ndizo, Mzee," Fundi alimjibu.

"Zilikuwa?"

"Sasa ni maji. Unaweza kunywa."

Miezi mitatu ya kusafisha protini ikaenda hivyo. Katika ripoti yake Profesa aliandika kwamba sampuli zimeonyesha udhaifu. Fundi aliisoma akatikisa kichwa. "Maskini sampuli. Hazikulelewa vizuri."

Imebaki chupa moja frijini. Isipotoa jibu, mradi unafungwa, na Fundi anarudishwa kuosha vyombo vya wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Mumewe, fundi magari, alimpa ushauri wa kitaalamu: "Mfungie nje huyo babu."

Leo asubuhi amejifungia na chupa hiyo, mimi nikaachwa kulinda mlango. Mchoro wa kwanza wa vipimo vya leza huchukua dakika arobaini. Zimepita thelathini na moja. Profesa ameketi kwenye kiti nilichomletea.

"Huko ndani kuna mtu?"

"Yupo Fundi, Mzee."

"Nichungulie kidogo tu."

"Bado dakika tisa," namwambia, nikiegemea kitasa.