Nilivyochagua bastola yangu ya kwanza hapa Arusha, na kikao cha mtaa kilichonitoa jasho

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa miaka. Leo nafungua mdomo. Ninachoandika kimenitokea mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, nimebadilisha majina tu kwa sababu mtakazoziona mbele. Atakayeona ni chai, apite taratibu asinipigie kelele.

Uzi ni mrefu kidogo, mniwie radhi.

Nina miaka 27, kwetu Machame, naishi na kufanya kazi Arusha. Ni bibi shamba, yaani afisa kilimo. Nazunguka mashamba ya mboga kule Nduruma, na siku nyingine napanda juu huko Meru kwenye kahawa na migomba. Nimepanga kanyumba ka kujitegemea, kana geti lake. Mtaa siutaji. Naishi peke yangu.

Sasa kuna mtu. Tumwite Baba J.

Ni jirani, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Mtu mzima, ana mke, watoto wake wakubwa ni rika langu. Jumapili suti, msibani yupo mstari wa mbele, salamu hazimwishi mdomoni. Nilipohamia alinitafutia fundi bomba, ndivyo alivyopata namba yangu. Watu watasema hapo ndipo nilipokosea. Labda. Lakini bomba lilikuwa linavuja kweli, na maji yalikuwa yameshafika chini ya kitanda.

Zikaanza meseji.

"Umeamkaje mwanangu." Sawa.

"Leo umechelewa kutoka." Mmh.

"Lile gauni la bluu linakupendeza kuliko suruali."

Nikaacha kujibu. Ikaja nyingine: "Mwanamke anayelala peke yake asijifanye jeuri."

Baada ya hapo akaanza kuja getini. Wala siyo kwa kujificha. Jumamosi saa nne asubuhi, jua kali, watu wanapita wanamsalimia. Anashika vyuma vya geti kwa mikono miwili, anaita jina langu polepole, kwa sauti ya mtu anayembembeleza mtoto. Mimi niko ndani, nimekaa sakafuni chini ya dirisha, nimezima redio, nabana pumzi. Dakika ishirini. Halafu anaondoka zake anapiga mluzi.

Siku moja niko katikati ya shamba la vitunguu Nduruma, namwonyesha mkulima ukungu kwenye majani. Nainua kichwa, gari la Baba J limeegeshwa barabarani. Amesimama ameliegemea. Akanipungia mkono. Akapanda gari akaondoka.

Wakuu, siku hiyo nilishindwa kufunga kifuniko cha chupa ya dawa. Mkulima akanifungia, akaniuliza kama nina malaria. Nikamwambia ndiyo.

Wanaume mtaniuliza kwa nini sikusema mapema. Dada zangu humu hamtaniuliza. Nilishayajua maswali: namba ulimpa ya nini, ulimchekea mara ngapi, amekugusa wapi? Hajanigusa. Ningeenda kushtaki nini, kwamba mzee wa heshima amenisalimia?

Nikaamua nitafute chuma.

Baba yangu alishafariki. Mdogo wake anaishi Engutoto, anauza spea mjini, na bastola anamiliki kihalali miaka mingi. Nikaenda kwake, nikamkuta anakula kiburu, zile ndizi zetu na maharage. Shikamoo baba, marahaba mama, nikamweleza shida. Nikasema ni vibaka wa njia ya shambani. Uongo mtupu, na nilimwangalia usoni nikiusema.

Akanawa mikono bila haraka.

"Mama, chuma siyo hereni. Hereni ukifika nyumbani unavua unasahau. Hiki hata ukikifungia kabatini kinakaa kichwani."

"Najua baba."

"Hujui. Jumanne twende."

Tukaenda duka moja hapa mjini. Muuzaji ni mtu wa makamo, miwani imening'inia kifuani. Akatandika kitambaa juu ya kaunta, akaweka bastola tatu. Kila moja alichomoa magazini yake, kile kibebeo cha risasi, au akafungua mahali pa risasi, akaangalia ndani, akanionyesha na mimi niangalie. Akampa baba mdogo, baba mdogo naye akaangalia upya. Nilipopewa mimi nikaambiwa niangalie tena. Nikasema si nimeshaona sasa hivi? Wakanikazia macho wote wawili. Nikaangalia.

Ya kwanza ilikuwa ndogo, unaweza kuificha kwenye kiganja. Niliipenda hapo hapo. Nikasema naichukua hii, inaingia mkobani bila shida.

Muuzaji akasema, haya, ikoki.

Nikavuta. Wapi. Nikavuta tena, ukucha ukavunjika.

Akanieleza kwamba watu wengi wanakosea hapo. Wanafikiri mwanamke mdogo anafaa bastola ndogo. Kumbe vile vidogo springi zake ni ngumu, vinapiga mkono vibaya ukifyatua, na kulenga navyo ni kazi. Mwanaume akimnunulia mkewe, ananunua hiyo, na mke hairudii tena baada ya siku ya kwanza ya mazoezi.

Ya pili ilikuwa rivolva, ile ya risasi kwenye duara. Haikokiwi. Lakini triga yake nzito, nilivyovuta, mdomo wa bastola ukahama kutoka kwenye ukuta aliouonyesha ukaenda kwenye kalenda. Baba mdogo akasema umemuua mwezi wa tatu wote.

Ya tatu ilikuwa milimita tisa, saizi ya kati. Nzito kuliko nilivyotaka. Ila mkono ulikaa, hadi kidole cha mwisho kikapata pa kushika. Muuzaji akanielekeza nisivute tu, mkono mmoja usukume na mwingine uvute. Ikakubali. Nimekoki mwenyewe! Nilisikia raha ambayo naona aibu hata kuiandika.

"Utaibeba wapi?" akauliza.

Mkobani.

Baba mdogo akacheka mpaka akakohoa. "Mama, mkoba ndicho kitu cha kwanza wale wa pikipiki wanachonyakua. Utakuwa umewapelekea zawadi."

Basi kiunoni. Kiunoni panataka mkanda mgumu na kifuko chake, na mimi nusu ya kabati ni magauni. Wakanipa mkanda na ile bastola tupu, nikaambiwa nikae, nisimame, niiname. Kila nikiinama kitako cha bastola kinachungulia kwenye blauzi, na kazi yangu ya shambani ni kuinama kutwa. Muuzaji akasema wateja wake wanawake hawashindwi na bastola, wanashindwa na nguo.

Tulicheka sana. Halafu akaniambia niinyanyue tena, nilenge ukutani, nifikirie mtu.

Nikafikiria. Nikamwona Baba J ameshika vyuma vya geti, anatabasamu, nyuma yake watu wanapita wanamsalimia. Niliiweka chini nikaomba maji ya kunywa, na nadhani baba mdogo aliona.

Nikadhani nitatoka na kakaratasi ka kulipia. Muuzaji akanikata maini: hutoki na kitu hapa, kaanze mtaani kwako.

Mtaani?

Ndiyo. Unaandika barua ya maombi kwa mwenyekiti, kamati ya ulinzi ya mtaa inakujadili, wakikuridhia ndiyo inapanda kwenda polisi na huko juu, mafunzo, vipimo, mambo mengi. Kwangu ndivyo nilivyoelekezwa, kwenu ulizeni wahusika.

Yaani nataka kubeba kitu kwa siri, na siri yenyewe inaanza kwa kujadiliwa na majirani.

Hapa niungame dhambi yangu. Miezi minane mtaani sikuwahi kuhudhuria mkutano hata mmoja. Mchango wa ulinzi natuma kwa simu, basi. Kamati ni akina nani sikujua, na sikuuliza. Nikaandika barua, "usalama binafsi kutokana na mazingira ya kazi", nikaweka na aina ya bastola kwa kimbelembele changu, nikampelekea mtendaji. Akaniambia niende Alhamisi saa tisa mchana.

Nikaenda.

Chumba kidogo, viti vya plastiki, meza moja. Mwenyekiti, mtendaji na daftari lake, mama mmoja mwenye saluni nitakayemwita Mama Upendo, wanaume wawili nisiowajua.

Na Baba J. Ana faili mapajani. Barua yangu iko juu ya faili.

Nikasema shikamooni. Wakaitikia wote, na sauti yake niliisikia peke yake: "Marahaba mwanangu."

Kumbe ndiye anayesimamia mambo ya ulinzi.

Akaisoma barua yangu yote kwa sauti, taratibu. Jina langu, ninapofanya kazi, kwamba naishi peke yangu. Alipofika kwenye bastola akasimama kidogo, "milimita tisa", akaniangalia juu ya karatasi akatabasamu. Hapo nikaelewa kitu kilichonitia baridi. Hata nikipewa hiyo silaha, huyu atajua ninayo, atajua ni ipi, na atajua kwamba nilikaa mbele yake nikashindwa kusema.

"Wenzangu," akasema, "binti mdogo, hana mume, silaha ya nini? Si sisi tupo? Hebu atuambie anamwogopa nani."

Nilikuwa na jibu mfukoni. Vibaka. Nililifanyia mazoezi mbele ya kioo. Nikafungua mdomo nilitoe.

"Nakuogopa wewe, Baba J."

Akacheka, akawa anatafuta wa kucheka naye. Mwenyekiti akaangalia meza. Nikajua nimekwisha, wale ni marafiki. Baba J akasema huyu binti ana matatizo, labda tuwaite wazazi wake.

Mama Upendo ndiye aliyeuliza, "Una cha kuonyesha?"

Nikafungua meseji za Baba J, nikampa simu. Akavaa miwani akaanza kuzisoma, moja baada ya nyingine, na saa zilizotumwa, bila kupandisha sauti wala kushusha. Gauni la bluu. Umechelewa kutoka. Nimekuona kwa wakulima wako. Alipofika "asijifanye jeuri" mtendaji akamwambia, "Rudia hiyo mama, niandike."

Baba J akasimama. Akasema hawezi kukaa kutukanwa na watoto, akatoka, hata faili hakubeba.

Mama Upendo akanisindikiza nyumbani. Tulipofika getini akashindwa kuondoka.

"Yule dada aliyekaa hapa kabla yako," akasema, "alikaa miezi mitano. Siku moja tukaona kimya, kahama, hata kapeti lake kaliacha. Tukasema kakimbia kodi. Mimi ndiye niliyewaambia wateja saluni kwamba ni tapeli."

Kapeti la kijani. Nalikanyaga kila siku, nilidhani ni la mwenye nyumba.

Hali ilipofikia ni hii. Kesho yake nilienda polisi, dawati la jinsia, baba mdogo akiwa pembeni yangu. Nilishamweleza ukweli. Hakunifokea, aliuliza tu kwa nini nilimdanganya, na swali hilo liliniuma kuliko kama angenipiga. Siku hizi kila jioni anakuja kwangu kunywa chai, anaegesha gari mbele ya geti.

Baba J anakana. Anasema mimi ndiye niliyekuwa namtaka, na meseji ni utani wa baba na mwana. Mke wake hanisalimii tena. Juzi Baba J alipita na gari mwendo wa kinyonga mbele ya nyumba. Nikakaa sakafuni chini ya dirisha, kama zamani. Nisiwadanganye, naogopa, tena kuliko mwanzo.

Ombi la silaha kamati ilipitisha. Bado sijalipeleka mbele. Kwa wadada wanaotaka kununua: shika mwenyewe kabla ya kuamua, chagua unayoweza kuikoki, sahau habari ya mkoba, na fikiria nguo zako. Hayo ni ya kweli na yana faida. Lakini mimi nilichagua bastola kabla sijamtajia mtu hata mmoja jina la ninayemwogopa, na hilo ndilo nililokosea. Ningelitaja kwa baba mdogo siku ile ya kiburu, nisingeingia kwenye kile chumba peke yangu.

Karibuni mchangie. Waliopitia haya waniambie, niendelee na ombi, nihame, au nikae? Matusi pia nitasoma, nimeshazoea kutetemeka.

Ila kuna mtu mmoja ninayemwandikia kuliko wote. Dada uliyeacha kapeti la kijani, kama uko humu, nyumba unaijua na jina halisi la Baba J unalijua. Njoo PM. Sikuombi urudi mtaani. Polisi wananiuliza kama kuna mwingine aliyefanyiwa hivi, na mimi jina lako silijui.