Drili ya Gaude na Mkono Wangu wa Kushoto

Mimi naitwa Deo, ni seremala, nakaa Izia hapa Sumbawanga. Nawaandikia ninyi mnaoshika mashine za umeme kutafuta riziki, na wewe ambaye una rafiki unayemwamini kuliko ndugu. Shule niliishia kidato cha pili, kwa hiyo nitaeleza kama ninavyoongea.

Nilizaliwa Ilemba, bondeni, ambako joto halikuachi hata ukiwa umelala. Nilipanda huku juu kujifunza useremala. Mwezi wa sita ulinikuta na kishati chepesi, asubuhi meno yanagongana kama kopo lenye misumari. Watu wakawa wananicheka. Gaude naye alicheka, lakini yeye alinipeleka nyumbani kwao, mama yake akanipa uji wa ulezi na blanketi. Tangu siku hiyo tukawa mtu na mwenzake. Yeye ni mzaliwa wa hapa hapa Izia, amenitangulia umri kidogo, na drili ilikuwa ya kwake.

"Wewe Bonde," ndivyo alivyoniita, "baridi itakuua kabla hujajua kupiga randa."

Siku moja akaniletea glavu za sufu kutoka mtumbani, za kijani. "Vaa. Mkono ukikakamaa, mbao itakushinda." Nilizipenda hizo glavu! Nilikuwa nafanya nazo kazi kuanzia kunapokucha mpaka jua lichomoze vizuri. Hakuna mtu aliyeniambia kitu, na Gaude alikuwa ananiona.

Mimi ni mtu wa ndoto. Tukiwa tunapiga msasa nilimweleza Gaude karakana yangu itakavyokuwa, na viti vya maharusi nitakavyotengeneza, vyenye mgongo uliochongwa masuke ya ulezi. Yeye alikuwa hanikatishi. Aliongezea: "Na mbele tupande maua, wateja wa kike wapende." Nani asingempenda mtu wa namna hiyo?

Sasa nieleze ajali.

Gaude alikuwa amekwenda Kasesya, kule mpakani, kupachika milango kwa mteja. Aliondoka na vifaa vya mkono, drili akaniachia. "Malizia ule mlango wa mninga, tundu la kitasa bado," alisema. Akapanda lori, akanipungia mkono, akaenda zake. Hakusema neno lingine.

Asubuhi ile upepo ulikuwa unakata masikio. Nikavaa glavu zangu. Jiliwa lilikuwa limebana mguu wa meza uliokuwa unasubiri gundi ikauke, basi mlango nikaulaza juu ya stuli mbili, nikaukandamiza kwa goti na mkono wa kushoto. Drili nikaishika kwa kulia. Waya niliuchomeka ndani ya stoo, kwa sababu nilikuwa nje na ekstensheni iliishia pale.

Mninga ni mbao ngumu. Biti, kile chuma kinachotoboa, ikaanza kula, taka zikajaa kwenye tundu. Nikapeleka mkono wa kushoto kuzipangusa huku biti bado inazunguka. Nilishafanya hivyo mara nyingi. Lakini safari hii uzi mmoja wa sufu ukanaswa.

Sikuona lolote. Niliona tu glavu inaenda, na mkono wangu umo ndani yake. Nikaachia swichi. Drili haikusimama. Ndugu zangu, hicho ndicho kitu ambacho bado nakisikia kichwani. Kidole changu hakikuwa kwenye swichi tena, na mashine inaendelea! Kuna kitufe kidogo pembeni, kazi yake ni kuishikilia swichi ili mashine ijiendeshe bila kubonyezwa. Kile kitufe kilikuwa kimejifunga chenyewe. Kidole cha shahada na cha kati vilijisokota kwenye biti, nikasikia mlio kama mtu anavunja muwa. Drili ikageuka mkononi, ikanivuta mpaka nikapiga magoti.

Nilipiga kelele. Mama Neema, anayeuza chapati jirani yetu, alikuja mbio na mikono ina unga. Alifuata waya mpaka stoo akaung'oa kama mtu anayevuta mbuzi mkaidi. Kimya kikaja. Nikauangalia mkono wangu. Ngozi ya kidole cha shahada ilikuwa imevuliwa kama soksi, mfupa unaonekana, mweupe, safi kabisa. Nikatapika.

"Usiangalie, mwanangu," alisema Mama Neema. "Niangalie mimi. Niangalie usoni." Akanifunga na kitenge chake na kuita bodaboda, akapanda nyuma yangu akanishika tusianguke. Mpaka leo namwita mama.

Hospitali walinisafisha, wakanyoosha mifupa, wakashona. Daktari alikuwa dada mmoja mpole lakini hapambi maneno.

"Deo, cha kati kitapona kwa shida. Hiki cha shahada sikuahidi. Kikianza kuwa cheusi, tutakitoa."

"Daktari, mimi ni seremala."

"Ndiyo maana nakuambia ukweli."

Mama yangu mzazi alipanda kutoka Ilemba na mfuko wa mchele na rozari. Kidonda kilishaanza kunuka. Homa ilinipanda, nikawa naongea ovyo, eti nampangia daktari viti vya harusi. Mama alikuwa ananifuta jasho huku ananusa bandeji yangu kama anavyonusa samaki sokoni. "Leo afadhali ya jana," alikuwa anasema. Siku nyingine alinusa tu akachukua rozari, nami nikajua.

Ncha ya kidole cha shahada ikawa nyeusi. Wakaikata, pingili moja. Nililia kama mtoto, sioni aibu kusema. Sikulilia nyama ile. Nililia kwa sababu seremala huutambua ubao kwa ncha ya kidole hicho. Ukipitisha, unajua pamelainika au bado.

Gaude alikuja kuniona aliporudi kutoka mpakani. Alileta machungwa, akakaa kitandani kwangu, macho yamemjaa machozi. Nikafurahi sana kumwona! Nikamsimulia yote, jinsi nilivyoachia swichi na mashine ikakataa kusimama.

Akatikisa kichwa. "Bonde, si ungechomoa tu? Mimi siku zote ekstensheni naiweka mguuni. Ikigoma, naipiga teke plagi inatoka."

Nikadhani sijasikia vizuri. "Siku zote?"

"Eeh, si kile kitufe huwa kinang'ang'ania."

"Huwa?"

Akaanza kumenya chungwa. Mama akaacha kukunja shuka.

"Gaude," nikamwambia, "ulikuwa unajua?"

"Nilidhani nilikuambia."

"Hukuniambia."

"Basi nilisahau, ndugu yangu. Nani hasahau?"

Chungwa lile sikulila. Niliwaza siku zote nilizomwona ameweka ekstensheni mguuni. Nilikuwa nasema moyoni kwamba huyu jamaa ana mtindo wake, na mimi nikiwa na karakana nitafanya hivyo hivyo. Kumbe alikuwa anajilinda. Alijilinda kila siku mbele ya macho yangu, na hakunifundisha.

Ningeweza kumeza hilo, kwa kuwa kusahau kupo. Lakini nilipotoka hospitali nikakuta maneno yameshanitangulia mtaani. Kila niliyemsalimia alinijibu kuhusu glavu. "Pole, lakini glavu na drili wapi na wapi?" "Gaude anasema alikukataza ukambishia." Alinikataza! Glavu alizoninunulia yeye! Ubaya ni kwamba nusu yake ni kweli. Ni kweli glavu ndiyo iliyonaswa, na sitakiwi kuivaa. Uongo mtupu ungenichekesha. Huu wenye ukweli ndani yake ulinichoma, maana sikuwa na pa kuanzia kuukataa.

Nikarudi bondeni kwa mama. Kule hospitali walishanifundisha mazoezi: kukunja, kukunjua, kuokota vitu vidogo. Mama akaniwekea mahindi makavu mbele yangu. "Pukuchua," alisema, "kwa huo huo mkono mbovu." Vidole vilikuwa vigumu kama vijiti, kila punje ni maumivu. Nilikuwa napukuchua huku namtukana Gaude kwa sauti. Mama aliniacha nitukane mpaka gunzi liishe. Kisha ananipa jingine.

"Hasira hazina ubaya," aliniambia siku moja, "ila usiache kukunja kidole."

Siku niliyoshika nyundo tena, mama alipiga kigelegele mpaka majirani wakadhani nimepata mchumba.

Nikapanda Sumbawanga. Mama Neema ndiye aliyenipa habari kwamba Gaude amenunua drili mpya, na ile ya zamani amemuuzia Sefu. Sefu ni kijana mwenzetu wa mjini. Kwao ni wafanyabiashara, naye alikuwa anatengeneza mwenyewe shelfu za duka la baba yake, bila fundi.

Nikaenda kwa Gaude mbio. "Umemwambia Sefu habari ya kitufe?"

"Deo, usianze."

"Umemwambia?"

"Nilikifungua nikakipuliza vumbi. Kiko poa." Hakuniangalia. "Ukienda kumtia hofu, atalisema mitaa yote. Nani atanipa kazi tena? Mimi ndiye niliyekupokea hapa, una blanketi la mama yangu mpaka leo. Nakuomba."

Kweli, blanketi ninalo. Nilisimama pale, moyo unaniuma kuliko kidole kilivyoniuma. Nilimpenda, na bado nampenda. Lakini kichwani nilimwona Sefu, mtu ambaye hata hatujuani sana, yuko ndani ya stoo peke yake, mkono umeshanaswa, anaachia swichi.

Nikaenda.

Sefu alinipokea kwa kicheko. "Karibu fundi! Umekuja kunikagua?"

Nikamwomba aitoe biti. Nikaishika drili vizuri kwa mikono miwili, yeye akasimama kwenye swichi ya ukutani. Nikabonyeza, nikaachia. Ikasimama. Nikarudia, ikasimama. Nikarudia tena.

"Mbona nzima, mshikaji?" alisema. "Au mmegombana na Gaude?"

Nikaona kweli nitakuwa mchonganishi. Nikabonyeza tena, safari hii mpaka mwisho, kama unavyobonyeza mbao ikiwa ngumu. Nikaachia. Drili ikaendelea kuunguruma mkononi mwangu, na kidole changu kiko hewani.

"Zima!" nilipiga kelele.

Akazima. Akauangalia mkono wangu wa kushoto kwa muda mrefu. Hakuuliza tena kama tumegombana.

Nimepona, namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu, Mama Neema, na yule daktari aliyeniambia ukweli. Nafanya kazi. Nimejifunza kuusikia ubao kwa kidole cha pete, na viti vyangu havina kasoro, njooni mvione.

Kwa ninyi wenye drili, nawaomba haya. Kabla ya kazi, iwashe bila biti, bonyeza mpaka mwisho na uachie, mara nyingi, siyo mara moja. Isiposimama yenyewe, si ya kutumia, hata kama ni ya rafiki yako. Soketi iwe karibu, mahali ambapo wewe au mwenzako anaweza kuzima. Waya upite nyuma yako, na kama umechubuka usiufunge na nailoni ukasema Mungu yupo. Ukibadilisha biti, chomoa kwanza. Kaza vizuri na ufunguo wake, kisha utoe ufunguo, maana ukiusahau pale utaruka kama jiwe la manati. Vaa miwani. Glavu usivae, hata kukiwa na baridi ya mwezi wa saba. Washa jiko, ota moto, ndiyo uje kazini. Mikono ya shati ikunje. Rozari ya shingoni iingize ndani, nywele ndefu zifunge. Mbao ibanwe na jiliwa, siyo goti. Piga alama kwa msumari ili biti isitembee, weka ubao chakavu chini ili upande wa pili usichanike, anza polepole, usisukume kwa nguvu. Biti kali inakula yenyewe. Taka zikijaa, itoe biti kwenye tundu, zima, subiri isimame kabisa, ndipo upanguse kwa brashi.

Na kama unajua ubaya wa mashine yako, sema. Kabla ya kumpa mtu, sema. Maneno ambayo Gaude hakuniambia yangekuwa mafupi kuliko salamu.

Sefu alirudisha ile drili, akaisema sokoni wazi wazi. Gaude alinifuata. "Umenisaliti, Deo," alisema. "Mimi nilikupa kula, wewe umenisaliti." Nilikuwa na neno hilo hilo mdomoni tangu hospitali, na sasa yeye ndiye amelisema.

Hatusalimiani tena. Tukikutana, anavuka barabara. Juzi alivuka, nikabaki nimesimama kama mjinga, machozi karibu. Upande wa pili Sefu alikuwa anafungua duka. Akaniona, akanyanyua mkono juu kunipungia. Niliuangalia mkono ule mpaka akaona ajabu. Ulikuwa mzima, vidole vyote.