Aliyenyimwa Dua

Fundi cherehani anatakiwa awe mtu wa kukaa, na Zuhura hakuwa mtu wa kukaa. Tangu simu ilipotoka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, kumwambia kwamba bibi yake, Bibi Zaituni aliyemlea, amefariki, kiti chake pale dukani Yeoville, Johannesburg, kilikuwa kama kimepakwa pilipili. Akishona pindo moja ameinuka kuchungulia barabarani. Akirudi anatafuta mkasi, nao uko mkononi. Wateja walidhani ni msiba. Msiba ulikuwepo, sikatai, lakini Bibi alikuwa amekula chumvi nyingi, akafa kitandani pake, na kifo cha namna hiyo mtu hukilia kisha akaketi. Kilichomnyima Zuhura raha ni mwanawe Hidaya, na swali lake moja.

Hidaya alikuwa na miaka kumi na mbili, mzaliwa wa Johannesburg. Kiswahili alikisikia chote na kukijibu kwa Kiingereza. Ukimbana sana alikupa Kiswahili cha kuchechemea. Mwaka ule akili yake yote ilikuwa imehamia kwenye tamthilia moja ya televisheni. Shujaa wake ni msichana wa ukoo wa Kipakistani aliyezaliwa ughaibuni, mwenye uwezo wa kupita ukutani kama moshi. Nguvu hizo hajui kazitoa wapi, basi anafunga safari hadi Karachi kuwatafuta watu wa bibi yake, na kila akipata jina la mzee mmoja wa ukoo, ukuta mwingine unamfungukia. Hidaya aliyaamini hayo yote. Mara mbili alishaujaribu ukuta wa chumba chao kule Bellevue, ambao kusema kweli haukuwa ukuta bali mbao nyembamba mwenye nyumba alizogawia sebule ya zamani, na mara zote mbili Falonne, msusi kutoka Lubumbashi anayekaa upande wa pili, aligonga kwa mwiko kuuliza kama nyumba inabomolewa.

Kosa la kwanza lilikuwa la Zuhura mwenyewe. Jioni moja, wiki ileile ya simu, alikuwa akipiga pasi, macho yakamponyoka kwenye skrini. Pale palikuwa na bibi wa yule shujaa, ushungi umerudi nyuma, masikio makubwa yamesimama pande zote mbili za kichwa. Zuhura akacheka peke yake. "Masikio ya Bibi Zaituni hasa," akasema. "Na kwa nini yasiwe, baba yake si alitoka hukohuko!"

Neno likitoka halirudi. Hidaya alizima televisheni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya hata umeme ukiwa unakaribia kwisha.

"Hukohuko wapi?"

"Piga mswaki ukalale."

"Mama. Huyo baba yake anaitwa nani?"

Tangu siku ile hapakuwa na amani. Zuhura aliulizwa njiani kwenda shule, kwenye robot, yaani taa za barabarani, wakisubiri magari yapite, akaulizwa akiwa na pini mdomoni. Na kumbe Sikukuu ya Urithi imekaribia, siku ambayo watoto wa shule nchi nzima huvaa mavazi ya asili yao. Mwaka wa nyuma Zuhura alimfunga Hidaya imvutano, nguo ya fahari ya wanawake wa Burundi, na mtoto alipendeza mpaka walimu wakampiga picha. Safari hii alitaka shalwari na kamisi, suruali pana na shati refu, kama ya shujaa. "Na mwalimu anataka tusimame tuseme ni ya nani," alisema. "Siwezi kusema ni ya mtu wa kwenye TV. Nataka jina tu, Mama. Jina tu."

Jina lilikuwepo. Zuhura alilijua kuliko alivyojua namba yake ya simu, na hilo ndilo lililomtafuna.

Baba yake Bibi Zaituni alikuwa muuza vitambaa kule Bujumbura, enzi za Wabelgiji. Alioa mwanamke wa Buyenzi, akazaa mtoto mmoja, na mtoto alipofika umri wa kung'oka meno alimshika masikio yote mawili, akamwambia anakwenda kwao kuleta mzigo mpya. Hakurudi. Mke aliuza vitambaa vilivyobaki, kisha rafu, kisha mlango wa duka. Njaa iliingia, na watu wa Buyenzi, ambao nawapenda lakini mdomo wao naujua, wakapata mchezo. Zaituni akipita kuteka maji, watoto wanampigia kelele: "Mzigo umefika?" Alipoolewa, wakaulizana tena. Alipozaa, wakauliza. Mpaka amekuwa mzee mwenye wajukuu, kulikuwa na vizee wenzake waliolitupa swali lile katikati ya arusi na kuangua kicheko.

Bibi hakumrudishia mtu tusi. Alitafuta kisasi cha taratibu. Kwao, kila mwezi wa Shaabani ukoo hukutana kusoma hitima, na majina ya marehemu hutajwa moja moja ili dua iwafikie. Bibi alishikilia kwamba waliokufa hawana chakula kingine zaidi ya hicho. "Alituacha na njaa," alisema, "naye akae na njaa." Basi kila mwaka, kabla ostadhi hajavua viatu mlangoni, alimwita Zuhura, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na sauti ya kutaja majina, akamshika sikio na kumkanya: "Wataje wote. Ila msije mkamtaja Ghulam Rasul bin Nur Muhammad, wa Karachi, mtaa wa Kharadar, mlango wa kijani mkabala na kisima." Na Zuhura ilimpasa kulirudia onyo lote, neno kwa neno, ndipo sikio liachiwe. Alianza akiwa mdogo kuliko Hidaya na aliendelea mpaka vita vilipomtoa Burundi.

Sasa arobaini ya Bibi ilikuwa inasomwa Bellevue, uani kwake, Jumapili iliyotangulia sikukuu. Watu wa Buyenzi waliotawanyika Johannesburg wote wangekuja, na midomo yao. Na mtaja majina ni yeye. Amlishe mtu ambaye Bibi alimshindisha njaa maisha yake yote, tena siku ya kumuombea Bibi mwenyewe? Au amwache mtoto wake asimame mbele ya darasa mikono mitupu? Zuhura alizunguka na hilo kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Mama Hidaya," Falonne alimwambia, akimsuka mteja kwenye kibaraza wanachochangia, "ule mtoto anakuomba jina, hakukuomba nyumba. Juu ya nini unamukatalia?"

"Ni ahadi ya marehemu."

"Marehemu iko wapi? Iko Bujumbura, imelala. Mutoto iko hapa, hailali, na mimi pia silali, ananigongea mbao kila siku!"

Zuhura alifunga cherehani, akapanda taxi ya kwenda Malvern.

Kwenye barabara ya Jules huko kuna maduka mengi ya vitambaa, na lililo bora ni la mzee mmoja Mpakistani. Zuhura hakuwahi kuingia humo miaka yote. Alikuwa akilipita hadi la mbele yake, ambalo uzi wake hukatika, kisha anailaumu cherehani. Siku hiyo aliingia, akagusa majora bila kuyaona, akajikuta anamtazama mzee yule masikio. Yalikuwa madogo, ya kawaida kabisa, na Zuhura akakasirika kama aliyeibiwa.

"Unatoka Karachi?" akamuuliza kwa Kiingereza.

"Karachi, ndiyo."

"Kuna mahali panaitwa Kharadar?"

Mzee akacheka. "Nani hapajui Kharadar? Mke wangu alizaliwa hapo. Kelele tupu, lakini samaki wake ni wazuri."

Zuhura aliliachia jora alilolishika. Tangu utotoni Kharadar kwake palikuwa mahali pa kwenye onyo, kama pale watoto wanapotishiwa zimwi. Hakuwahi kuwaza kwamba watu wanaamka huko na kununua samaki. Alichukua kitambaa cha kijani, akatoka upesi, na mzee ikabidi amkimbilie mpaka nje kumpa risiti.

Jumamosi mchana alikitandika kitambaa mezani. Alikata kiwiliwili, akakata miguu ya shalwari, akafika kwenye mikono akasimama. Hidaya alikuwa amekaa juu ya kitanda, magoti kidevuni, hapepesi macho.

"Mirefu au mifupi?" akauliza mtoto. "Shujaa ana mirefu."

"Sijasema nitaimaliza."

"Lakini umekata."

"Kukata si kushona!" Zuhura akatupa mkasi. Hasira ikamtoka yote, na hadithi ikatoka nayo: duka, mzigo ambao haukufika, kelele kisimani, njaa, hitima. Alisimulia akitembea, hatua tatu kwenda, hatua tatu kurudi, chumba hakikuwa na zaidi. "Kwa hiyo usiniulize tena. Bibi alinikanya. Kila mwaka alinishika sikio akanikanya nisimtaje."

Hidaya alifikiri. Kisha akasema, kwa Kiswahili, polepole, kama mtu anayevuka kwa kukanyaga mawe: "Kila mwaka alikuambia jina?"

"Alinikanya."

"Kwa jina?"

"Kwa jina. Na la baba yake. Na mtaa, na mlango wa nyumba."

"Mlango wa rangi gani?"

"Kijani," akasema Zuhura, kabla hajajizuia.

Mtoto alikitazama kitambaa mezani. Hakucheka. "Bibi alikufundisha rangi ya mlango," akasema, "ili umsahau?"

Zuhura aliinama akaokota mkasi. Aliona aibu, na chini ya aibu kitu kingine kilichomuuma zaidi: alimwona Bibi, mtu mzima, akingoja mwaka mzima ufike mwezi wa Shaabani apate kisingizio cha kulitamka jina la baba yake. Alitoka nje akafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Jumapili uani hapakuwa na pa kutia mguu. Wanaume walikaa chini ya turubai, wanawake wamejaa chumbani na kwenye korido, Falonne naye kajifunga leso kichwani akigawa chai, Mkristo wa watu, akiitikia "Amina" kwa sauti kuliko wenyewe. Ostadhi Bakiri, ambaye siku za kazi hulinda lango la ghala moja na Jumapili ndiye kadhi wetu sote, alimaliza kusoma, akageukia dirishani.

"Mama Hidaya, tutajie marehemu."

Zuhura alisimama. Akamtaja Bibi Zaituni kwanza, akawataja shangazi, wajomba, kaka yake aliyefia njiani wakikimbia. Sauti yake ilikuwa ileile ya utotoni, na baada ya kila jina watu waliitikia. Majina yakaisha. Pale ndipo ilipokuwa desturi yake kuketi.

Hakuketi. Hidaya alikuwa amesimama kwenye kizingiti, amemkazia macho. Zuhura akavuta pumzi ili alitamke lile jina, jina peke yake, na hapo akagundua jambo ambalo hakulijua. Hakuwahi kulitamka peke yake hata siku moja. Ulimi ulilijua kwa njia moja tu, na ulipofunguka ukaifuata njia hiyo.

"Ila msije mkamtaja," akasema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Ghulam Rasul bin Nur Muhammad, wa Karachi, mtaa wa Kharadar, mlango wa kijani mkabala na kisima."

Kikombe kililia kwenye kisahani. Bibi kizee mmoja wa Buyenzi, mdomo wake ukiwa tayari umeanza kuchongoka kwa lile swali la siku zote, aliangalia uso wa Zuhura na akafumba mdomo. Zuhura mwenyewe alitamani ukuta ule wa mbao ummeze. Ameharibu arobaini ya Bibi, mbele za watu, kwa maneno ya Bibi mwenyewe.

Ostadhi Bakiri alikuna ndevu. Alikuwa amekulia Buyenzi, nyumba ya tatu kutoka kwa Bibi Zaituni, na huenda naye utotoni aliwahi kupiga kelele kisimani. Siku hiyo alisema tu, "Basi ameshatajwa, mama," kisha akainua mikono. "Al-Fatiha, kwa Zaituni na baba yake."

Uani pote mikono ikainuka. Zuhura aliisikia Fatiha ikitoka kwenye vifua vya watu walewale wa "Mzigo umefika?", akalia bila kujificha, kwa ajili ya Bibi na kwa ajili ya mtu yule mwenye njaa ya miaka yote hiyo. Walipofika Amina alikuwa amekwisha kuketi chini, mgongo ukutani, kwa mara ya kwanza tangu simu ilipolia. Hidaya akaja akajibana ubavuni pake, midomo ikichezacheza, anarudia jina kimyakimya asije akalikosea shuleni.

Zuhura alimshika sikio, taratibu.

"Mikono," akamnong'oneza, "unataka mirefu?"