Nta ya Recheli Kwenye Boti za Ujiji

Recheli wa Ulyankulu hakuwahi kuliona ziwa, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mizinga ya nyuki ya kikundi chao ilitundikwa kwenye kipande cha mwisho cha msitu wa miombo, ambacho wenzake walitaka kukikata, wapate kuni za kukaushia tumbaku. Asali haikupata wanunuzi, nta ndiyo kabisa. Akawasihi wangoje msimu mmoja tu, kwani alishapata njia ya kuuza nta.

Njia yenyewe ilikuwa kupaka boti. Zahir, mtoto wa Isevya mkoani kwao aliyeoa Ujiji na kuwa mvuvi wa dagaa, alimlalamikia kwamba ukoga wa kijani huganda chini ya boti hadi inakuwa nzito, na rangi ya dukani ya kuuzuia ni sumu kwa samaki. Recheli akachemsha nta na utomvu, akapaka mtumbwi mmoja wa bwawa la Igombe, huko huko kwao. Miezi ikapita, ukoga ukiguswa tu, unateleza na kutoka. Jamani, alifurahi mama yule! Akatuma madumu ya nta hiyo Ujiji, Zahir akapaka boti zake zote.

Kuuliza si ujinga, wanasema. Haya, nani atauliza asichojua kwamba kipo? Dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazina kazi, na Zahir na wenzake hupandisha boti mchangani, huzipindua zikauke. Kwake hilo ni la kila mwezi, halikumjia hata kinywani. Recheli naye alijua mtumbwi wa Igombe tu, unaoshinda majini mwaka mzima.

Alipofika kwa treni kuona kazi yake, alikuta boti matumbo juu, jua limezichoma siku nzima. Nta imeyeyuka, imechuruzika mchangani, mbao zi wazi. Zahir hakumgombeza. Alimkaribisha chakula, akamweleza kwa upole kwamba atairudia ile rangi ya dukani, maana watoto lazima wale. Recheli alirudisha tonge sahanini. Alitamani ardhi immeze yeye.

Nyumbani, maskini, walikuwa wamemngoja kweli. Hakuna aliyegusa mti. Amon, mwenyekiti wa kikundi, alimwamkia shikamoo, akasubiri aitikie, ndipo akauliza, "Mama, tungoje tena?"

Uongo ulimjia hadi ulimini. Akaumeza.

"Msingoje," alisema. "Nipeni leo tu, niteremshe mizinga."

Wakampa siku hiyo. Jioni alisimama na mzinga wa mwisho mikononi, nyuki wanamzunguka kichwa, asijue aupeleke wapi, kwa kuwa hapakuwa na mti mwingine wa kuutundika.