Hema Kando ya Bwawa

"Tumepata nyumba yetu, halafu unataka watoto walale nje kama mbuzi?" nyanya alifoka.

"Usiku mmoja tu, mama watoto," babu akajibu, akikung'uta hema kuukuu aliloachiwa na mzungu. "Watoto wake walilala pale bwawani kila likizo. Wetu wana kasoro gani?"

Shamba lenye bwawa hilo, nje kidogo ya Eldoret, ndilo lililomeza karo yangu. Kabla jamaa zetu hawajalinunua kwa ushirika kutoka kwa mzungu huyo, babu alikuwa mlinzi wake hapo.

Jioni alisimamisha hema, akachimba mfereji wa mvua kulizunguka, akatuingiza sisi wajukuu. Kisha akajifunga blanketi, akaketi kando ya moto, rungu magotini.

"Guka, huji kulala?" nikamwita babu.

"Laleni. Mimi nalinda."

Watu husema shamba likishalipwa ni lako. Naona mwili huchelewa kupata habari.

Nyanya, aliyeapa kwamba hatakanyaga pale, alitokea na birika la chai. Alilitua, akamnyang'anya babu rungu, akainua mlango wa hema.

"Ingia ndani, mzee. Mwenye shamba halali nje."