Kompyuta Ilipokataa Kuwaka, Nilimshitaki Mke Wangu

Jumamosi ile kompyuta yetu ilikataa kuwaka, na kabla sijaigusa nilikuwa nimekwisha kumpata mwenye kosa.

"Mama, ni weye," nilimwambia mke wangu. "Jana ulipanguza meza na kitambaa ya maji."

"Nilipanguza meza, tata," alijibu; kwetu tata ni baba. "Kompyuta sikuigusa."

Ndani ya mashine ile kulikuwa na historia ya kwaya ya akina mama wa parokia yetu, hapa Kolwezi. Mke wangu alikuwa ameiandika kwa wiki tatu, kwa vidole viwili, na kesho yake alipaswa kuisoma kanisani. Nakala nyingine hakuwa nayo. Alichukua daftari, akakaa jikoni, akaanza kuiandika upya kwa kukumbuka.

Mimi nilikuwa fundi umeme mgodini miaka mingi, kwa hiyo sikutaka msaada. Umeme ukutani ulikuwepo. Nilifungua ubavu wa mashine, ambao skrubu zake zilipotea zamani na sasa unashikwa na utepe, nikapuliza vumbi jekundu, nikachomoa memori na kuisugua kwa kifutio cha shule. Nikabonyeza kitufe cha mbele. Kimya. Kila nilipobonyeza nilisema kwa nguvu, ili jikoni asikie: "Haya maji!"

Saa sita nikamwita shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, mwenye duka la fotokopi. Naye nilimsomea mashitaka kabla hajaketi. Aliondoa kitambaa cha kufuma kinachofunika mgongo wa mashine, akaigeuza, akacheka hata akashika ukuta.

"Yaya, kuya uone!" alimwita dada yake.

Mgodini, kabla ya kugusa mashine, unakata umeme, unafunga kufuli na kuning'iniza kadi yenye jina lako. Wa kuitoa ni wewe peke yako. Ijumaa jioni, radi zilipoanza, nilikuwa nimezima swichi ndogo ya nyuma, na mikono yangu, kwa mazoea yake, ikafunga pale kadi ya zamani iliyobaki katika sanduku langu la vyombo. Kisha nikala, nikasahau.

"Soma, tata," alisema mke wangu. "Na sauti."

"Hatari. Usiwashe."

"Na chini?"

Chini kulikuwa na jina langu, na sahihi yangu, safi kabisa.

Shemeji alinyoosha kidole kwenye swichi. Dada yake akamzuia.

"Wacha. Ule alifunga, njo atafungua. Si ni sheria yabo ya mgodini? Lakini kwanza aombe kitambaa yangu ya maji pardon."

Niliomba radhi. Kitambaa kwanza, kisha mwenyewe, mbele ya shemeji. Ndipo nikatoa kadi na kuwasha, na historia ilikuwemo yote. Jumapili mke wangu aliisoma bila kukwama.

Kadi ameitundika jikoni kwenye msumari. Ufunguo ukipotea, nikianza tu kufungua mdomo kumlaumu, anaitazama, nami naufunga. Tunacheka wote wawili. Lakini zile kurasa saba za daftari, alizoziandika bure kwa sababu yangu, mpaka leo sijaweza kuzicheka.