Kimumu Sio Babu Yetu

Enzi zetu, na nyinyi wenye mlilelewa kando ya ziwa mnanielewa, mtoto hakuulizwa yuko darasa la ngapi. Aliulizwa yeye ni wa nani. Jibu lilikuwa refu, na mtu mzima aliweka jembe chini ili alisikie lote.

Nakumbuka tukitoka kuosha sufuria ziwani, mimi Akinyi, mtoto wa Ochola fundi wa mitego, na Obuya mwenye kichwa kikubwa. Tunanuka omena, wale dagaa wa ziwa, mpaka kwa nywele. Tumecheza mpira wa majani ya migomba, tumekula nyoyo baridi kwa mkono, yaani mahindi na maharagwe ya jana, na hakuna mtu amesema ameboeka. Hilo neno lilikuwa halijafika kwetu. Basi nyanya yetu Awuor, Dani kwa Kijaluo, anatukusanya, anatupeleka penye mawe.

Hapo palikuwa karibu kabisa na maji. Mawe makubwa yalikuwa yamepangwa duara na watu wenye hata Dani hakuwaona, na wazee walipeleka hapo mtama wa kwanza wa mavuno. Mlango ulikuwa pengo tu katikati ya mawe mawili, lakini huingii hivi hivi. Unasimama, unataja jina lako, la baba, la baba yake, unarudi nyuma hivyo mpaka mwisho. Dani alisema, "Wenye hapa hawafungulii mgeni. Kama wewe hujui watu wako, wao watakujulia wapi?" Siku moja Obuya alikwama katikati, akajaza pengo na jina la ng'ombe dume wa baba yake. Dani akafikiria. Akasema, "Huyo ng'ombe anaweza kuingia. Wewe kaa hapo."

Obuya alilia. Kesho yake alijua majina yote, mpaka ya ukoo wa jirani.

Haya. Niliolewa, Mzee wangu Owiti akapata kazi Eldoret, tukajenga Kimumu, na sasa yeye amepumzika. Mjukuu wetu Adhiambo alisomea unesi, akaajiriwa Hawaii, kisiwa kiko mbali mpaka ndege inachoka. Akaolewa huko na kijana anaitwa Kimo, wakapata msichana, Malia. Mwaka jana wakanitumia tikiti. Nilibeba unga wa wimbi. Watu wa uwanja wa ndege wakauangalia, wakabaki nao.

Siku yangu ya mwisho huko walinipeleka kuona hekalu la zamani la watu wa pale, kando ya bahari. Wanaliita heiau. Nilitarajia paa. Hakuna paa. Ni ukuta wa mawe meusi, umepangwa bila simiti, na mawimbi yanapiga chini yake. Mtu alikuwa ameacha kitu kimefungwa kwa majani mabichi juu ya jiwe, na hakuna mwenye alikigusa. Nikasema pole pole, "Dani Awuor, kuja uone."

Nyanya yake Kimo, wanamwita Tutu, ndiye alitangulia. Mama mnene, nywele nyeupe, ameacha viatu kwa gari. Alisimama mbele ya pengo la ukuta akaimba jina lake na majina ya watu wake. Adhiambo akaninong'oneza, "Dani, kwao hawaingii kabla ya kujitambulisha."

Nikamwambia, "Unanifundisha mimi?"

Kisha Tutu akamsukuma Malia mbele. Mtoto ameanza juzi tu kung'oka meno, lakini upande wa baba aliutaja kama maji ya mfereji. Tutu akamwambia, sasa upande wa mama. Malia akasema, "Adhiambo." Akaangalia juu. "Dani." Akafikiria tena, uso ukang'aa. "Kimumu!"

Tutu akainamisha kichwa kwa heshima.

Kimumu ni mtaa. Mtaa wenye matope mwezi wa nne. Kumbe kila Jumapili wakinipigia simu, Adhiambo humwambia, "Salimia Dani wa Kimumu," na mtoto ameona huyo lazima ni mzee wetu mkubwa. Kimo akacheka. Adhiambo akacheka. Mimi sikucheka. Niliona Owiti wangu, na baba yake, na wote wenye walimzaa, wamesimama nje ya ukuta kwa jua, na mtaa umeingia mbele yao.

"Dani, wacha tuingie," Adhiambo akasema. "Ni mtoto tu. Tutamfundisha nyumbani."

"Taja wewe kwanza."

Akataja baba yake Otieno. Akataja Owiti. Halafu akaanza kutafuta simu kwa mkoba.

Basi nikakaa kwa nyasi, nikamweka Malia katikati ya magoti. Nikamwambia, wewe ni Malia wa Adhiambo. Adhiambo wa Otieno, huyo ni mwanangu, anapenda kulala. Otieno wa Owiti, alikuwa anapiga mluzi akinyoa ndevu. Owiti wa Nyagaya, mguu mmoja mfupi na hakuna harusi hakucheza. Nyagaya wa Oloo, mkali, hata mbwa walimhama. Oloo wa Rading', huyo ndiye alivuka ziwa. Adhiambo anatafsiri, mtoto anarudia. Rading' ikamshinda, ulimi ukakataa, akaanza upya. Watalii waliingia, wakapiga picha, wakatoka. Tutu hakuingia. Alikaa kando yangu akawa anarudia na yeye.

Malia alipofika Rading' bila kukwama, askari wa pale alikuwa anafunga kamba mlangoni. Tutu akamwambia kitu kwa lugha yao. Askari akasema, "Pole, aunti, saa ni saa. Rudini kesho." Kesho nilikuwa na ndege.

Kwa hivyo wamama wa kanisa wakiniuliza ndani kulikuwaje, nawaambia sijui. Nilienda mpaka mwisho wa dunia kuona ukuta, na nilitosheka nao.

Malia anakuja Desemba. Anataka kuona penye mawe yetu. Sijamwambia kwamba yalibebwa yakawa msingi, na hapo sasa ni hoteli. Siku hizi kila mtu anaingia, na viatu, na muziki. Lakini nitampeleka. Atasimama mlangoni ataje watu wake mpaka Rading', na weita atamngoja amalize, ndio amuulize samaki ni wa kukaanga ama wa mchuzi.